Chumba cha Mwanafunzi, Kiwanja cha Babu

Kilifi imekaa pande mbili za hori. Kaskazini uko mji wenyewe, pamoja na soko, hospitali, ofisi za kaunti na Chuo Kikuu cha Pwani. Kusini, juu ya jabali linaloyatazama maji, kiko kijiji cha Mnarani. Hapo watu walijenga misikiti ya mawe, wakachimba kisima kirefu ndani ya mwamba, wakawazika wakubwa wao katika makaburi yenye nguzo, na kwa karne mbili na zaidi wakapokea vyombo vilivyokuja kwa kaskazi na kurudi kwa kusi. Mji ule ulihamwa mapema katika karne ya 17, baada ya mashambulizi kutoka bara. Mwanaakiolojia James Kirkman alipoyachimbua magofu yake katika miaka ya 1950, kibla cha msikiti mkuu kilikuwa bado na maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa kwa mkono usio na haraka.

Chuo ni mgeni wa juzi. Kilianza mwaka 2007 kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Kenyatta, katika viwanja vilivyokuwa vya chuo cha kilimo, na mwaka 2013 kikapata hati ya kujitegemea. Wanafunzi wakawa wengi kuliko vitanda vya mabweni. Ikawa kila familia yenye uga mpana, mjini na ng'ambo ya daraja pia, inaulizwa swali ambalo babu zao hawakuulizwa: ardhi hii mtaiuza, mtaipangisha, au mtaiacha ilivyo?

Nimeupanga mjadala huu kwa sauti tano. Wasemaji nimewabuni, lakini hoja zao utazisikia barazani, ndani ya matatu za Mombasa na Malindi, na zaidi sana matangani, maana ni kwenye matanga ndipo ndugu wanapokutana wote na habari ya urithi ikaibuka. Upande wangu sitauficha.

MZEE: Mimi naanza na feri ya kuvukia hori, kwa sababu vijana wa leo wanadhani daraja lilikuwapo tangu Nuhu. Gari likitoka Mombasa kwenda Malindi lilifika hapa kwetu, likasimama, likangoja. Abiria wanashuka, wana njaa, wana kiu. Wake zetu walikuwa na mahamri na mbaazi, watoto wetu wakikimbia na madafu, machungwa na korosho za kukaanga zilizofungwa kwenye karatasi. Nyumba nzima ilisomesha watoto kwa foleni ile. Mwaka 1991 daraja likafunguliwa. Sisi hatukulipinga, mgonjwa akizidiwa usiku anavuka. Lakini magari yalianza kupita juu kwa juu, na sahani za mahamri zikarudi nyumbani zimejaa. Kulikuwa na kiwanda cha korosho upande wa pili, nacho kikafungwa. Ndiyo maana nikisikia kwamba sasa chuo ndicho kitakachotulisha, nauliza: kikifunga milango, tutakula nini?

DALALI: Shikamoo Mzee. Hoja yako ndiyo hoja yangu. Kwa kuwa biashara za hapa huja na kuondoka, mwenye kiwanja na auze wakati bei iko juu. Mimi nawaona watu wana ekari mbili zinazotazama hori, hawana karo ya mtoto, hawana pesa ya hospitali, nyumba imeoza makuti. Wanakaa juu ya utajiri huku wanakopa unga dukani. Nikileta mnunuzi, mnaniita mwizi. Mbona hamumwiti mwizi anayewaacha katika hali hiyo?

MAMA MWENYE VYUMBA: Kaka, hakuna aliyekuita mwizi. Lakini tufanye hesabu hadharani. Babu yetu alikufa ameacha warithi, na warithi wakazaa warithi, tukafika tisa. Ukiniletea mnunuzi, pesa ile haiji kwangu nzima. Inagawanywa mafungu kwa sheria ya mirathi ya Kiislamu, na mimi mwanamke nachukua nusu ya fungu la ndugu yangu wa kiume. Hiyo ni sheria, siibishi. Lakini fungu langu lingenunua saruji na mabati, lisingenunua mahali pa kuyaweka. Ndiyo sababu mimi nilijenga vyumba sehemu ambayo ndugu zangu waliniachia nikae. Chumba kimoja, kodi yake ikaezeka cha pili.

DALALI: Na Machi 2020 je? Serikali ilipofunga shule na vyuo kwa ajili ya korona, nani alilipa kodi?

MAMA: Hakuna. Walifungasha wote wakaenda kwao. Wengine waliacha magodoro na majiko, nikawahifadhia mpaka waliporudi. Vyumba vilikaa vitupu kwa miezi, lakini vilikuwa vyangu. Nilipanda mchicha na kunde ugani, nikauza, nikangoja. Aliyeuza kiwanja chake mwaka uliotangulia naye alifika mwaka huo akiwa ameshaila pesa yote. Mimi na yeye tulikuwa na shida moja, ila mimi nilikuwa na pa kulala na pa kuanzia.

Hapa ndipo ninapomwamini huyu mama kuliko wengine wote, na nitaeleza kwa nini. Watu wengi wanaozungumzia miji ya kale ya pwani huitazama kodi ya nyumba kama uchafu fulani unaokuja kuharibu urithi. Wanataka kuona milango ya nakshi na wazee wenye kofia za viua. Hawaulizi mwenye mlango ule anakula nini. Mimi naona kinyume chake: kwa familia za kijiji kama Mnarani, kodi ya mwanafunzi ni miongoni mwa mapato machache mno yanayoingia bila kumtaka mtu auze ardhi wala kuhamia Mombasa. Mvuvi hupata samaki wachache mwaka baada ya mwaka. Mnazi unahitaji mtu wa kuukwea, na wakwezi wanapungua. Hoteli huajiri wachache na kuwaachisha msimu wa mvua. Chumba kinampa mwenye nyumba pesa kila mwezi na kinambakisha pale pale. Kwa hiyo nauunga mkono upangishaji, na nitaupinga uuzaji mpaka mwisho wa mjadala huu. Lakini upangishaji nao una madhara yake, na wasemaji wengine wana haki ya kuyataja.

MWANAFUNZI: Naomba nami niseme, maana nazungumziwa kama ng'ombe wa maziwa. Mimi natoka Bungoma, niko mwaka wa tatu, nasomea mazingira. Nilihamia ng'ambo hii kwa sababu vyumba vya karibu na kampasi vilinishinda bei. Nauli ya boda na matatu ninayolipa kila siku inakula kile nilichookoa. Mkopo wa HELB, ule wa serikali kwa wanafunzi, ukichelewa, na huchelewa, mwenye nyumba anabisha mlango tarehe tano. Siyo mama huyu, yeye hunivumilia. Wapo wanaopandisha kodi katikati ya muhula bila karatasi, na ukiuliza risiti unaambiwa utafute kwingine. Na maji, wazee wangu! Mfereji ukikauka, tunateka kisimani. Vyumba kumi na viwili, kisima kimoja, vyoo viwili vya shimo.

MZEE: Kisima kile kina maji mazuri tangu zamani.

MWANAFUNZI: Kilikuwa nayo, Mzee, wakati nyumba ilikuwa moja. Ardhi hii ni mwamba wa matumbawe. Chini ya udongo huu mwembamba kuna jiwe lenye matundu na nyufa. Maji hayachujwi humo polepole kama kwenye mchanga au mfinyanzi, yanapita. Kinachoingia kwenye shimo la choo kinaweza kufika kisimani haraka, hasa mvua za masika zikinyesha na maji ya chini yakapanda. Ukichota maji mengi kuliko yale yanayoletwa na mvua, ya bahari nayo yanasogea kutoka upande wa hori, maji yanakuwa ya chumvichumvi. Mama, ulinionyesha mwenyewe mdomo wa kisima, zile alama ambazo kamba zilichimba kwenye jiwe. Hizo ni kamba za ndoo za miaka mingi. Sasa tumefunga pampu, na pampu haichoki kama mkono.

MAMA: Ni kweli tangu pampu ije nasikia chumvi kwenye chai. Nilidhani ni ulimi wangu umezeeka.

MZEE: Wazee wetu walichimba vyoo upande wa chini, kisima upande wa juu. Hakuna chuo kilichowafundisha.

MWANAFUNZI: Na walikuwa sawa. Lakini ukigawanya uga mmoja mara sita, choo cha huyu kinakuwa juu ya kisima cha yule. Ujuzi wenu ulikuwa wa ardhi pana.

Neno hilo la mwisho ndilo lililonifanya nimweke mwanafunzi katika mjadala huu kama mjuzi na si kama mpangaji tu. Wenzetu wakizungumzia madhara ya chuo hukimbilia mavazi, muziki wa usiku na pombe. Hayo yapo, na mzazi ana haki ya kuyasemea. Lakini kijiji cha bandari hakikuanza leo kuishi na wageni vijana wenye desturi zao. Mabaharia walilala hapa wakingoja upepo ugeuke, na watoto wa kijiji wakakua. Tatizo jipya ni shimo la choo kwenye mwamba wenye nyufa, na hilo halitatuliwi kwa kuwakemea wasichana.

MHADHIRI: Niruhusuni nirudi kwenye ardhi, kwa sababu tunaongea kana kwamba uuzaji ulianza chuo kilipofunguliwa. Ardhi ya pwani ina jeraha la zamani. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitoa sheria ya hati kwa ukanda huu wa maili kumi. Mwenye dai alitakiwa alilete na kulithibitisha, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali. Aliyejua mahakama na karatasi alipata hati. Waliolima bila karatasi, hasa Wamijikenda, wengi wao walibaki nje, na wajukuu zao wanaitwa maskwota juu ya makaburi ya babu zao. Kwa hiyo mnunuzi anapokuja leo, anakuta kijiji ambacho watu wake wengi hawana cha kuonyesha. Asiye na hati huuza kwa bei ya woga.

DALALI: Mwalimu, hilo ni kweli tupu. Mimi ndiye ninayeziona hizo karatasi. Nyingi zina jina la marehemu. Wengine wana barua ya chifu tu. Mnunuzi anashusha bei kwa sababu hiyo. Na niwaambie wale wanaoogopa wageni: Katiba ya 2010 haimpi asiye raia umiliki wa milele. Anapata ukodishaji, usiozidi miaka 99.

MZEE: Miaka tisini na tisa! Mimi nina wajukuu, na wajukuu wangu watakuwa na wajukuu, na muda huo utakuwa haujaisha. Tena Katiba hiyo hiyo, nimesomewa, inasema ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Vizuri. Ufuo ni wetu sote. Lakini ufuo hauna mbawa, nami sina. Kiwanja kikiuzwa, ukuta unapanda, geti linafungwa, na ile njia tuliyoteremkia na nyavu na madema inakuwa ndani ya ua wa mtu. Bahari ni ya umma, njia si ya umma. Mvuvi apite wapi?

DALALI: Anaweza kuomba apitishiwe njia kwenye ramani.

MZEE: Aombe baada ya kuuza, au kabla?

Dalali hakuwa na jibu, na sidhani lipo. Njia ya kuteremkia majini ni kitu ambacho hakiandikwi kwenye hati ya mtu yeyote mpaka siku inapozibwa. Mwenye vyumba vya wanafunzi hahitaji kuiziba. Wapangaji wake wenyewe wanaipita jioni kwenda kuogelea. Anayenunua kiwanja kwa ajili ya mandhari ya maji ndiye anayetaka ukimya na ukuta. Hii peke yake ingenitosha kuchagua upande, hata kama hesabu ya pesa ingekuwa sare.

MZEE: Nina jambo na mwalimu, na nisameheni kama litauma. Watu wa chuo wanakuja hapa bandarini na fomu. Wananiuliza samaki gani walikuwapo nikiwa kijana, changu, tafi, kolekole, wapi walizaa, mwezi gani walipungua. Nawajibu, ninaacha nyavu zangu bila kushonwa. Wanapiga picha. Kisha siwaoni tena. Mtu amekuwa daktari kwa maneno yangu, na mimi sijui aliandika nini. Nikimuuliza mjukuu wangu anasema kipo kitabu, kiko maktaba, kwa Kiingereza.

MHADHIRI: Mzee, haliniumi, linanistahili. Tasnifu zetu, ukiacha za idara ya Kiswahili, huandikwa kwa Kiingereza, na mtafiti akishapata shahada hakuna kanuni inayomrudisha kijijini. Lakini sitakubali ionekane kwamba utafiti haurudi kamwe. Hapa hapa Kilifi, taasisi ya utafiti wa afya ya KEMRI pamoja na Wellcome imekuwapo tangu 1989. Miaka ya 1990 walifanya jaribio la vyandarua vilivyotiwa dawa katika vijiji vyetu. Vifo vya watoto walio chini ya miaka mitano vilipungua kwa takriban theluthi moja. Watoto waliolazwa kwa malaria kali wakapungua pia. Leo mama yeyote hapa analaza mtoto ndani ya chandarua na haulizi ni cha nini. Baadaye watoto wa Kilifi walikuwa miongoni mwa walioshiriki majaribio ya chanjo ya malaria ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2021. Utafiti ule ulirudi kwa sababu ulirudi na kitu mkononi, na kwa sababu watu waliketishwa, wakaelezwa, wakauliza maswali kwa lugha yao.

MZEE: Chandarua nakijua. Kwa hilo nawashukuru. Kwa samaki je?

MHADHIRI: Kwa samaki nikupe mfano wa jirani zako wa Kuruwitu, huko Vipingo. Wavuvi wenyewe, si chuo, waliamua katikati ya miaka ya 2000 kufunga kipande cha bahari, hekta thelathini hivi, pasivuliwe kabisa. Matumbawe yakapona, samaki wakaongezeka, wakawa wanavuka mpaka na kuvuliwa nje. Mwaka 2017 walipata tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Watafiti walikwenda kujifunza kwao. Ninataka kusema kwamba mlango huu una pande mbili. Mnaweza kutuita, si kutungoja tu.

MWANAFUNZI: Mimi niko tayari kuitwa leo. Mwaka wa nne natakiwa kuandika mradi. Nilikuwa nimechagua mada ya mbali kwa sababu ndiyo niliyoikuta kwenye orodha. Nikibadilisha nikapima visima vya Mnarani, chumvi na vijidudu vya kinyesi, kabla ya masika na baada yake, hiyo si kazi ya kukataliwa. Vipimo vya chumvi ni rahisi, kifaa chake kinaenea mkononi. Vya vijidudu vinahitaji maabara, na maabara iko kampasi. Lakini nahitaji watu waniruhusu kuingia uani.

MAMA: Kwangu ingia hata kesho. Lakini ukikuta maji yangu mabaya, usiende kuyatangaza mjini nikakosa wapangaji.

MWANAFUNZI: Nitakuambia wewe kwanza, mama. Kisha tutafute dawa yake.

MAMA: Na kwa Kiswahili. Ukurasa mmoja. Usiniletee kitabu.

Nauchukulia ukurasa huo mmoja kuwa na uzito kuliko hotuba nyingi za ushirikiano kati ya chuo na jamii. Kama ningekuwa na sauti katika baraza la chuo chochote kilicho karibu na kijiji cha kale, ningeomba kanuni moja: mwanafunzi au mhadhiri aliyekusanya habari kijijini asipewe alama ya mwisho mpaka awe amerudi na ukurasa wa Kiswahili, ameusoma mbele ya waliomjibu, na ameandika maswali waliyouliza. Usomwe kwenye banda la samaki au barazani baada ya swala ya Ijumaa, si katika ukumbi wa hoteli ambako mvuvi haingii bila kadi ya mwaliko. Haihitaji pesa nyingi. Inahitaji nauli ya kuvuka daraja.

Ninalitilia mkazo jambo hili katika mjadala wa ardhi kwa sababu yote mawili ni suala moja. Familia itakayopangisha bila kujua hali ya maji yake, baada ya miaka michache itakuwa na vyumba visivyokalika, na hapo dalali atarudi na mnunuzi, na bei itakuwa ya chini zaidi. Kiwanja hakiokolewi kwa mapenzi ya ukoo peke yake. Kinaokolewa na kisima kinachonyweka, choo kilichojengwa kwa tangi lisilovuja, paa linalovuna mvua, na karatasi yenye majina ya walio hai. Katika hayo manne, chuo kina uwezo wa kusaidia angalau matatu.

DALALI: Sasa mnanifanya mimi adui wa kila mtu. Nina watoto pia. Mkiacha kuuza, mimi nile nini?

MHADHIRI: Kuna kazi nyingine unayoiweza kuliko sisi. Kuna watu wenye mtaji wanaotaka kujenga mabweni ya kibinafsi. Wanataka kununua kwa sababu hakuna aliyewaonyesha njia nyingine. Familia inaweza kutoa ardhi kwa mkataba wa miaka ishirini, mathalani. Mwenye mtaji ajenge, akusanye kodi, ailipe familia fungu lake kila mwaka, na muda ukiisha majengo yabaki na wenye ardhi. Mkataba uandikishwe, usibaki maneno ya mdomo. Wewe uchukue ada yako kwa kuwakutanisha.

DALALI: Mkataba kama huo unataka hati. Narudi pale pale. Jina la marehemu haliwezi kusaini.

MZEE: Hilo litengenezwe kwanza basi. Familia iende mahakama ya Kadhi, urithi utajwe, kila mmoja ajulikane. Na katika mkataba waandike njia ya wavuvi, kutoka barabarani mpaka majini, na upana wake, watu wawili wapishane na madema begani. Isipoandikwa, mimi siweki kidole gumba.

MWANAFUNZI: Na waandike idadi ya vyumba kwa kila choo. Na kodi isipande katikati ya muhula.

MAMA: Na atakayejenga asikate ule mbuyu wa kiwanjani.

DALALI: Mnunuzi hapendi masharti mengi.

MAMA: Huyo si mnunuzi, kaka. Ni mpangaji, kama huyu binti. Mpangaji hupewa masharti.

Kuna pingamizi moja ambalo hakuna msemaji aliyelitoa na ambalo sitaki kulikwepa. Je, si ni ukatili kumwambia maskini asiuze mali yake? Mtu ana mgonjwa hospitalini, ana kijana aliyepata nafasi ya chuo, ana deni. Mimi mwenye kuandika nakaa mahali salama na kumhimiza atunze urithi. Pingamizi hili lina nguvu, na kwa mwenye dharura ya uhai sina la kumwambia ila auze na Mungu ambariki. Lakini mauzo mengi ya pwani si ya dharura ya uhai. Ni ya ndugu kutoelewana, na ya mtu mmoja mwenye haraka kuwalazimisha wanane wasio nayo. Hali kama hiyo hutibika kwa kuketi. Tena umaskini wa Mnarani hautokani na watu kukataa kuuza. Kando ya hori zima viwanja vimeuzwa kwa miaka mingi, nyumba kubwa zimejengwa, na watoto wa waliouza wengi wao ndio wanaofyeka nyasi na kulinda mageti ya nyumba hizo.

Wapo pia wasemao kijiji kiachwe kilivyo, kisipokee mpangaji wala mwekezaji, ili historia isiguswe. Hoja hii sitaikalia. Magofu yana sheria ya makumbusho ya kuyalinda, na yalindwe. Watu hawawezi kuhifadhiwa kama magofu.

MZEE: Binti, ukipima kisima cha mama, njoo upime na cha msikitini. Watu wanatawadha pale.

MWANAFUNZI: Nitakuja, Mzee. Utanionyesha na vile vya zamani vilivyofukiwa? Nataka kujua vilichimbwa wapi na kwa nini pale.

MZEE: Nitakuonyesha. Lakini uandike kwamba mimi ndiye niliyekuonyesha.

MHADHIRI: Ataandika. Jina lako litakaa kwenye ukurasa wa kwanza, si katika shukrani za mwisho.

MAMA: Basi sikilizeni. Ndugu zangu wawili wanakuja Jumapili kutoka Mombasa, na najua wanakuja na habari za kuuza. Nitawawekea hesabu mbele yao: kodi ya vyumba vilivyopo, na vile vinavyoweza kujengwa, na fungu la kila mrithi kwa mwaka, wanaume kwa wanawake. Mzee, nakuomba uwepo, wewe uliishi na babu yetu, watakusikia. Mwalimu, uje utueleze habari ya Kadhi na karatasi zinazotakiwa. Na wewe kaka, njoo. Lakini uje na mfano wa ule mkataba wa miaka ishirini, usije na mnunuzi.